Mzigo Uliotundikwa Nyuma ya Motokaa



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila aendaye Shimoni huliona, wala halimshughulishi. Nafasi ya mizigo katika pikapu ikisha kujaa makasha ya samaki na barafu, fundi huitwa aunge chanja ya chuma nyuma kabisa, na juu yake hufungwa mashine ya mashua, madebe ya petroli na gurudumu la akiba.

Watu wa Shimoni na Wasini wanaijua hatari yake kwa vyombo vyao. Jahazi likipakiwa mno tezini, omo huinuka, na usukani hautii. Motokaa ni vivyo hivyo. Tufanye hesabu. Chukua pikapu ambayo kati ya ekseli zake mbili pana mita 3. Ukifunga kilo 100 mahali palipo mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele hupunguziwa kilo 50, na ya nyuma hayaongezewi kilo 100, bali 150. Nayo ya mbele ndiyo yageuzayo gari, na ndiyo yabebayo sehemu kubwa ya kazi ya breki. Gari likipanda mteremko wa kivuko cha Likoni, uzito huzidi kuegemea nyuma. Likiruka tuta, chanja hupigwa kwa nguvu ipitayo uzito wa mzigo wenyewe.

Tena kuna chumvi. Maji ya barafu ya samaki na upepo wa bahari hula chuma taratibu, na rangi ya juu huficha. Niliwahi kusafiri kutoka Shimoni kuelekea Ramisi katika pikapu ya jamaa yangu mmoja, chanja ikakatika njiani. Mashine ilianguka barabarani, na mvulana aliyetufuata kwa baiskeli akajitupa kichakani. Aliponea chupuchupu. Tulipotazama, pale palipokatika palikuwa kutu tupu, na pande zote mbili pamepakwa rangi mpya, nzuri sana.

Basi, kitu kizito kiwekwe mbele, kiegemee chumba cha dereva; huko nyuma viende vyepesi. Petroli isikae mkiani kamwe, maana gari likigongwa kwa nyuma, madebe ndiyo yagongwayo kwanza. Taa na namba zionekane. Kitu kinachochomoza kifungwe kitambaa chekundu mchana, na taa nyekundu usiku. Viungo vya chuma vioshwe kwa maji baridi kila safari, na kugongwa kwa nyundo mara kwa mara: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa.

Jamaa yangu sasa hutundika nyuma makasha matupu tu. Mashine hulala mbele, mahali pa kasha mbili za samaki, na samaki hao hungoja safari ya pili. Petroli ya safari hiyo huilipa kwa manung'uniko mengi, lakini huilipa.