Mbele ya kutia sinyatire, tusome kwanza kwa Kiswahili

Maneno tuliyosema mbele ya bamama wa soko na vijana wa kartié



Tuingie moja kwa moja. Siku hizi karatasi ya Leta inatufikia ku telefone, na ni foto ya foto. Mutu amepiga picha karatasi iliyobandikwa ku mulango wa biro, akatuma ku WhatsApp, mwengine naye akatuma tena. Ikitufikia siye, nusu ya maneno imefutika, kashe imefunika tarehe, na yote iko kwa Kifransa. Mama anauliza: "Inasema nini?" Kijana aliye karibu anajibu: "Inasema mulipe." Mama analipa. Hakuna aliyesoma, hata huyo kijana.

Sasa musikie hii. Katiba ya inchi yetu, ile ya 2006, ku artikle 142, inasema kama serikali inapaswa kueneza kila sheria kwa Kifransa na kwa kila moja ya lugha zetu ine za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Iko na siku 60 za kufanya hivyo, tangu Rais atie sheria sahihi. Hiyo si zawadi, ni deni. Tangu 2006 mpaka leo, muhesabu wenyewe: ni sheria ngapi mumekwisha kusoma kwa Kiswahili?

Tutaendelea kudai hilo deni. Lakini hatuwezi kungoja na mikono ndani ya mifuko. Siye wengi hapa tumemaliza université na hatuna kazi, dosié zetu zimelala ku mabiro ya watu. Kile Kifransa wazazi wetu walikilipia minervali miaka mingi. Basi kitumike hapa.

Wengine watasema: "Telefone inatafsiri yenyewe, kazi gani tena?" Ni kweli, inatafsiri. Lakini mujue namna inavyofanya. Kwanza inasoma foto na kujaribu kutambua kila herufi. Kiisha inageuza ile iliyotambua kuwa Kiswahili. Basi kuna fasi mbili za kukosea, na kosa la kwanza linazaa la pili, bila telefone kuonyesha hata alama ya mashaka. Inakupa sentensi nzuri, laini, ya uongo.

Mifano. "Arrêté" ni uamuzi ulioandikwa wa waziri, gavana ao mukubwa mwengine. Lakini neno hilohilo ni pia "aliyekamatwa". Mashine ikichanganya, mama anasoma kama kuna mutu amefungwa, kumbe ni taxe mupya. "Mise en demeure" ni onyo la mwisho: fanya hii, ama tutakupeleka mbele. Ndani yake muna "demeure", na demeure peke yake ni nyumba ya kukaa, basi mashine inaweza kukuandikia habari ya nyumba. Na "huit jours francs"? Usishangae ukiona franga zimeingia pale. Haina habari ya pesa hata kidogo! Ni siku nane kamili: siku uliyopokea karatasi haihesabiwi, na siku ya mwisho pia haihesabiwi. Mwenye kujua hiyo anapata nafasi ya kujibu. Asiyejua anakimbia kulipa kwa woga.

Mbaya zaidi ni namba. Sheria ya mines iliyogeuzwa mwaka 2018 inadai kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale inapochimba. Ile virgule ni kadoti kadogo. Foto ikiwa na kivuli inapotea, na 0,3 inakuwa 03, kiisha 3. Mukienda kwenye mukutano na kudai 3%, wale wakubwa watacheka na kufunga dosié, na haki yenu ya kweli itaondoka pamoja na ile ya uongo.

Juu ya hiyo tunafanya hivi. Tunaomba karatasi yenyewe, si foto ya foto. Tunailaza fasi ya sawasawa, muchana, karibu na dirisha, pembe zote ine zionekane, bila flashi. Karatasi yenye safu mbili tunapiga kila safu peke yake, juu mashine ingine inasoma mustari kutoka kushoto mpaka kuume na kuchanganya safu zote mbili. Maandishi ya mukono tunasoma na macho yetu. Kiisha mutu moja anashika Kifransa, mwengine anashika Kiswahili, na wanapitia pamoja kila namba, kila tarehe, kila jina, na kila "ne… pas", maana "hapana" moja ikipotea sheria inageuka. Fasi ambayo kashe imefunika tunaandika "haisomeki". Hatujazi kwa kuwaza. Na Kiswahili kiwe chetu: mashine inapenda kutuandikia "wilaya" na "halmashauri", hapa tuko na teritware, sheferi na kartié.

Neno lingine, na hili ni zito. Programu nyingi zinatuma foto yako mbali, ku mashine za watu tusiowajua. Karatasi ya mama aliyeteswa, ushuhuda wa mutu aliyeona mauaji, namba ya karte ya elekta: hizo haziingii ku programu. Tunatafsiri kwa kichwa na kalamu, ao tunafunika majina kwanza. Katika inchi yenye vita, jina moja likitoroka linaweza kuua.

Muelewe pia kama tafsiri yetu ni ya kuelewa. Mbele ya tribinali muende na avoka na karatasi ya Kifransa.

Kwa mabiro yote tunasema: mutu akiombwa kutia sinyatire, asomewe kwanza karatasi nzima kwa lugha anayosikia, na apewe kopi. Akikatazwa hiyo, asitie.

Kila siku ya posho, tangu saa ine za asubui, tutakuwa hapa na telefone mbili na makaye. Ni bure. Leteni makaratasi, hata yale ya zamani mliyoficha chini ya matela. Tunaanza na ile ya soko, juu siku zake zinaisha juma hili.