Nani Alikuwa Akila kwa Jasho Lake? Fidia ya Kifo na Familia za Lamu



Ngome hii ya Lamu tuliyokutana ndani yake ilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka hivyo, na pengine ndiyo sababu wengi wetu tukisikia neno mahakama tunafikiria kufungwa, si kudai. Usiku huu nazungumzia kudai. Mtu akifa kwa uzembe wa mwenzake, nani ana haki ya kudai fidia? Na fidia ikipatikana, ni ya nani?

Kuna jambo lazima nilitangulize, kwa sababu ndilo linalozima madai mengi hata kabla maiti hajazikwa. Msibani tunaambiana ni kudra ya Mungu, na ndivyo ilivyo. Lakini nahodha aliyepakia watu 20 katika boti la watu 10, wakati wa kusi, bila jaketi hata moja ya kuokolea maisha, ametenda kosa ambalo ataulizwa. Sharia yetu imeweka diya, yaani fidia ya damu, juu ya anayeua bila kukusudia. Kifo cha namna hiyo nacho ni kudra, na diya bado inawajibika. Anayemwambia mjane kwamba kudai ni kupingana na kadari anamnyima haki ambayo dini yake mwenyewe imemthibitishia.

Kwa upande wa sheria ya Kenya, haki hii imetoka mbali. Mwaka 1808 jaji wa Uingereza, Lord Ellenborough, aliamua kwamba katika mahakama ya madai kifo cha binadamu hakiwezi kulalamikiwa kuwa ni dhara. Mume aliyempoteza mkewe katika ajali ya gari la farasi alifidiwa kwa siku mke alizougua tu, basi. Kwa miaka 38 ikawa nafuu kwa mkosaji amuue mtu kuliko amjeruhi. Reli zilipozidi kuua watu, Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1846 ya kuwafidia wategemezi. Sheria yetu ya Ajali za Kifo, Sura ya 32, ni mtoto wa sheria hiyo. Pembeni yake ipo Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ambayo inayahifadhi madai aliyokuwa nayo marehemu mwenyewe yasizikwe pamoja naye.

Hapa ndipo familia zetu huchanganyikiwa, kwa hivyo naomba tukae hapa kidogo.

Tuchukue mfano. Mvuvi wa Kizingitini, umri wake miaka 40, amegongwa usiku na boti la mwendo kasi lisilo na taa. Ameacha mke, watoto watatu, mama yake mzazi, na dada yake aliyeachwa na mumewe, anayeishi nyumbani humo pamoja na wanawe wawili. Alikuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi. Chini ya Sura ya 32 mahakama itauliza swali moja: nani alikuwa akila kwa jasho lake? Itachukua 30,000, izidishe mara miezi 12, itoe theluthi moja aliyokuwa akitumia mwenyewe, kisha izidishe kwa miaka ambayo jaji anaona angeendelea kufanya kazi. Tuseme 15. Jumla ni shilingi 3,600,000. Pesa hizi si mirathi. Zinakwenda kwa wategemezi moja kwa moja, na jaji anaweza kumpa mtoto mdogo zaidi ya mkubwa kwa kuwa miaka yake ya kutegemea ilikuwa mingi zaidi.

Chini ya Sura ya 26 swali ni jingine: marehemu mwenyewe alipoteza nini? Maumivu kabla ya kufa, na umri uliokatizwa, ambao mahakama zetu zimezoea kuufidia kwa kiwango cha takriban shilingi 100,000. Hizi ni mali ya marehemu. Kwa Mwislamu zinagawanywa kwa fungu: mke thumni (moja ya nane), mama sudusi (moja ya sita), na baki kwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Mizozo mingi kati ya wajane na mashemeji huanza pale pesa zote zinapotiwa katika chungu kimoja na kugawanywa kana kwamba zote ni mirathi. Kadhi ana kauli juu ya fungu hili la pili. Lile la kwanza ni la wategemezi.

Sasa mtazameni dada. Katika mirathi hapati kitu, kwa kuwa marehemu ameacha mtoto wa kiume. Katika Sura ya 32 pia hapati kitu, kwa kuwa sheria inawataja mke, mume, mzazi na mtoto pekee. Bibi na babu wamo ndani ya neno mzazi, wajukuu wamo ndani ya neno mtoto. Ndugu hawamo. Mwanamke aliyekuwa akipikia nyumba hiyo, ambaye wanawe walivalishwa sare za shule na mjomba wao, machoni pa sheria hakupoteza chochote. Kila mtu aliyeko hapa anaijua nyumba ya namna hii. Mimi naona hili ni kosa la sheria.

Kuhusu kipato, najua swali linalokuja: mvuvi hana hati ya mshahara. Mahakama ya Rufani ilishalijibu mwaka 2005 katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeon Obayo. Ilisema Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka kumbukumbu, na kulazimisha stakabadhi kungewadhulumu. Daftari la mnunuzi wa samaki, kumbukumbu za BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo), taarifa za M-Pesa, kiapo cha mvuvi mwenzake: yote ni ushahidi. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu, katika kesi ya bandari ya Lamu, iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa riziki waliyopotezewa. Ubishi wa malipo ulikuwa mrefu baadaye, lakini tangu siku hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba riziki ya baharini haipimiki.

Kinachotuponza zaidi ni muda. Kwa mkosaji wa kawaida, madai yafunguliwe ndani ya miaka 3. Kwa serikali ni miezi 12. Eda ya mjane peke yake ni miezi minne na siku kumi. Masheikh wetu wanafundisha kwamba mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja, na naomba walisisitize hilo msibani, kwa sababu kusaini hati ya wakili ni haja. Kisha lazima ipatikane hati ya usimamizi wa mirathi, hata ile ya muda inayotolewa kwa ajili ya kufungua kesi tu. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Trouistik Union dhidi ya Jane Mbeyu, ilishikilia kwamba msimamizi hawezi kushtaki kwa jina la mirathi kabla ya kuipata hati hiyo. Familia ikikimbilia mahakamani bila hati, ikaambiwa kesi si kesi, huwa miaka mitatu imeshapita.

Na kwa yule ambaye bahari haikumrudisha? Hili ni letu hasa, watu wa visiwa. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, anachukuliwa kuwa amekufa. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata, kadhi huweza kungoja zaidi ya hapo kwa mafkudi, yaani mtu aliyepotea. Familia nyingi zimeambiwa zikae miaka 7, zikakaa, mkosaji akauza boti na kuhama. Lakini miaka 7 ni ya mtu ambaye hakuna anayejua kilichompata. Palipo na mashahidi walioliona boti likizama, palipo na wenzake waliookolewa, mahakama inaweza kuridhika kwa ushahidi huo kwamba amekufa, bila kungoja. Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla watu hawajatawanyika kurudi Mokowe na Malindi, andikisheni taarifa polisi: majina ya mashahidi, jina la chombo, hali ya bahari, idadi ya abiria. Karatasi hiyo moja inaweza kumwokolea mjane miaka 7.

Najua pia kwamba mara nyingi mwenye chombo ni ami au jirani, na hakuna anayetaka kumpeleka ami yake kortini. Sulhu ni njema, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inaitaka mahakama iikuze. Ila sulhu inayofanywa siku ya tatu ya matanga, kwa bahasha na sahihi ya mjane chini ya maneno kwamba hatadai tena, hiyo ni dhuluma iliyovishwa kanzu. Sulhu ifanywe baada ya hesabu niliyoionyesha kuwekwa mezani. Ikiwa kesi imeshafunguliwa na kuna watoto wadogo, sulhu haiwezi kusimama bila idhini ya mahakama. Mzee yeyote anayesimamia sulhu na akayapuuza mafungu ya mayatima ajue anabeba nini.

Waliouawa kwa silaha nao wana familia. Mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani, Juni 2014, yaliua watu zaidi ya 60. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012, kifungu cha 49, ilianzisha mfuko wa kuwafidia wahanga wa ugaidi. Mfuko usiotiwa pesa haumlishi yatima, na hilo ndilo wabunge wetu wanapaswa kulidai kila bajeti inaposomwa.

Nimalizie kwa yule dada. Uingereza, ambako sheria hii ilizaliwa, iliipanua mwaka 1959 ikawaingiza ndugu wa marehemu na watoto wao, pamoja na ami, wajomba, mashangazi na watoto wao. Sisi, ambao tumejengwa juu ya udugu kuliko wao, tumebaki na orodha ile fupi. Marekebisho yanayohitajika katika Sura ya 32 ni ya mstari mmoja: kaka na dada, pamoja na watoto wao, walioonyesha kwamba walikuwa wakimtegemea marehemu. Hayagusi fungu la mrithi yeyote, kwa sababu pesa hizo si mirathi. Mbunge wa Lamu Mashariki, mbunge wa Lamu Magharibi, seneta wetu na mwakilishi wetu wa wanawake: tunawaomba mpeleke muswada huo Nairobi, na mawakili tuliopo hapa tuko tayari kuuandika bila malipo.