Cherehani ya Urithi: Kuondoa Uchafu, Kuacha Uzee

(Mada kwa semina ya mafundi cherehani, Dodoma)



Cherehani hii hapa mezani ni Singer 15K ya miguu. Ameniachia mama mkubwa, aliyekuwa akishonea barazani kwake Kondoa. Namba yake, upande wa kulia wa kitako, inaanza na herufi EG: imetoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980.

Ilipofika kwangu gurudumu halikuzunguka. Jirani akasema imekufa, niipeleke kwa wauza vyuma chakavu. Ilikuwa imekwama tu. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga, na toka Mei hadi Novemba hakuna mvua ya kulituliza. Linaingia kila tundu la mafuta. Humo likakutana na mafuta ya kupikia, maana wapo wanaodhani mafuta ni mafuta, vikagandamana kama gundi.

Dawa yake ni mafuta ya taa. Matone machache kila tundu, iache ilale, asubuhi uyumbishe gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Yangu ilichukua siku nne. Nyundo iwekeni mbali. Ikishalegea, futeni, kisha tieni mafuta ya cherehani yenyewe, kwa sababu mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi. Ukiishia hapo, vyuma vitasagana.

Sasa niungame. Maua ya dhahabu yaliyo mwilini mwa cherehani ni utando mwembamba mno uliobandikwa, ukafunikwa vanishi ya shelaki, na shelaki huyeyuka kwa spiriti. Mimi sikujua. Nilichovya pamba kwenye spiriti, nikasugua upande wa kushoto, nikaona dhahabu imehamia kwenye pamba. Mtaona hapo pamebaki weusi mtupu. Upande wa kulia nimeutumia mafuta ya cherehani na kitambaa laini, taratibu, na maua yapo.

Nilishawishiwa niipulizie rangi nyeusi yote ifanane. Nimekataa. Rangi ya kupuliza huziba matundu ya mafuta, na ingefunika pia pale palipong'arishwa na kiganja cha mama mkubwa miaka yote ile.

Vipuri havitusumbui. Butterfly za China zimefuata muundo wa Singer 15, kwa hiyo sindano na bobini za soko la Majengo zinaingia bila ubishi. Mkanda ni wa ngozi, na mkoa wa wafugaji hauwezi kukosa ngozi. Cha zamani mlichokitoa msikitupe. Fungeni kwenye kitambaa, wekeni kwenye droo ya meza.

Mota? Anayetaka aifunge, mradi asitoboe chuma wala asing'oe pedeli. Kitu ambacho mjukuu hataweza kukifungua na kurudisha kama kilivyokuwa, tusikifanye.

Jambo moja lilinipa kazi. Juu ya kitako upo mkwaruzo mrefu, na mwanagenzi wangu alikwisha kunja msasa ili auondoe. Nikamshika mkono. Mama mkubwa aliuchora mwenyewe kwa msumari, kipimo cha upindo wa sare za shule. Wiki iliyopita kijana huyo huyo amepinda kaptula nne kwa kuufuata, bila futi kamba.