Safari ya Kutazama Mambo ya Kale Lamu

Mtu afikaye Lamu na aanzie matembezi yake ngomeni. Ujenzi wa ngome hiyo ulimalizika mwaka 1821. Baadaye ikawa gereza hata mwaka 1984, na sasa ni nyumba ya makumbusho.

Kisha apande mashua kwenda Takwa, kisiwani Manda, mji uliohamwa katika karne ya 17. Kuta za msikiti zingali zasimama, na kaburi lenye nguzo lina tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra. Watu wa Shela bado huenda huko kuomba mvua.

Basi mgeni asing'oe jiwe wala asiandike jina lake ukutani. Jiwe likihamishwa, habari yake hupotea, na hapana awezaye kuirudisha.