Stelingi na Adui: Msamiati wa Haki katika Filamu za Kauboi za Gharama Ndogo

Katika miaka ya 1930, Marekani ilipokumbwa na mdororo mkuu wa uchumi, majumba mengi ya sinema yalionyesha filamu mbili kwa kiingilio kimoja. Filamu ya pili ilikuwa ya gharama ndogo, na aghalabu ilikuwa ya kauboi. Kampuni kama Monogram, na Republic iliyoundwa mwaka 1935, zilikamilisha filamu ya namna hiyo kwa siku chache tu. Miamba ileile na mbio zilezile za farasi zilirudi katika filamu moja baada ya nyingine.

Uhaba huo ulizaa sarufi. Kwa kuwa hapakuwa na muda wa kumjenga mhusika kwa maneno, kofia, beji na bastola ndivyo vilivyobeba maana. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba sarufi hiyo ilimweka kila mwenye beji upande wa haki na kila mhalifu upande wa batili. Katika *Riders of Destiny* ya mwaka 1933, John Wayne ni mjumbe wa siri wa serikali. Msichana anayepora gari la abiria anajirudishia mali ya nyumbani kwake, ilhali mwovu halisi ni tajiri anayehodhi maji ya wakulima. Sheria imo, lakini haki haikai nayo daima.

Hapa ndipo msamiati wa watazamaji wa Kiswahili unapostahili kuzingatiwa. Watazamaji hao hawakuridhika na mgawanyo wa polisi na jambazi. Walisema stelingi na adui. Neno stelingi limetokana na *starring*, umbo la kitenzi cha Kiingereza linalotangulia jina la mwigizaji katika matangazo ya filamu. Kiswahili kimeligeuza kuwa nomino ya mtu: stelingi huyu, mastelingi hawa. Mabadiliko hayo si ya umbo peke yake. Stelingi aweza kuwa askari, mtoro au mporaji. Kinachomtambulisha ni kwamba hadithi imesimama upande wake.

Kwa hiyo, kamusi inayofasiri stelingi kuwa “mwigizaji mkuu” itakuwa imetoa nusu ya maana. Nusu ya pili ni hukumu ya watazamaji, nayo haikusubiri beji.