Masasi Yenye S Nne



Nimetakiwa nieleze nisomayo siku hizi. Ninasoma kitabu cha Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, aliyepita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujazimika kusini. Kitabu kilitoka 1908, na mwaka uliofuata kikafasiriwa kwa Kiingereza. Mara nyingi kinaniudhi. Anatutazama kama mtu akaguaye mbuzi mnadani. Lakini alikuja na fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, na wazee wetu wakaimba humo. Silinda hizo zimetunzwa Berlin hadi leo.

Hapo ndipo nilipokutana na kompyuta. Wa rika langu mtakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini. Nami nikazeeka nikidhani ni kitu cha wahasibu tu. Siku moja nikatafuta "Masasi" katika maandishi ya Kijerumani yaliyomo humo. Nikapata haba. Mjukuu wangu akasema, "Babu, andika kama waandikavyo wao." Nikaandika "Massassi", kwa S nne. Yakamiminika! Mashine haikujua kwamba Masasi hizo mbili ni moja. Ajuaye ni mtu wa huku.

Basi nimeanza daftari: upande mmoja jina la kijiji, mto au ukoo kama Mjerumani alivyoliandika, upande wa pili kama tulitamkavyo sisi. Mjukuu huyaingiza katika kompyuta, ili ukitafuta moja upate yote mawili.

Kazi imekwama kwenye nyimbo. Fundi wa Ulaya ataweza kupunguza mikwaruzo ya nta; lakini neno la zamani la Kimakonde, Kiyao au Kimakua, ambalo hata mimi silijui, atalifasiri nani? Walionisaidia Newala walikuwa watatu. Sasa amebaki bibi mmoja, naye masikio yamepungua. Hurudiwa neno mara nne, kisha hucheka na kuliimba lote.

Kwa hiyo likizo ya Juni ninahitaji vijana wawili wenye mwandiko unaosomeka na Kimakonde cha nyumbani, si cha kubahatisha. Nauli nitatoa mimi. Chakula, bibi amesema atapika mwenyewe.