Mashua ikipandishwa pwani, iache ipumue
Msikilizaji, mashua ikipandishwa pwani kungoja masika yapite, wengi huifunika turubai gubigubi wakidhani wamezuia unyevu. Kumbe wameufungia ndani. Usiku turubai hupoa, mvuke hugeuka matone upande wa chini, na tanga lililokunjwa huota koga. Chumvi nayo huvuta maji hewani, kwa hiyo suuza ngama kwa maji matamu, ikaushe, kisha inua turubai juu ya mti ili upepo upite tezi hadi omo.

Utauliza: hewa ya masika si yenyewe imeloa? Kweli, lakini inayopita haiachi matone kama iliyotuama. Kloridi ya kalsiamu, ile chumvi ya kufyonza unyevu, hufaa penye kufungika kabisa, na mashua ya mbao (tuseme ukweli) haifungiki. Kivuli kibaki, maana jua kali hupasua mbao. Tanga lipeleke nyumbani, likiwa kavu.